Mkono wa Baba Nyamizi

Didia, Jumapili, 8 Novemba 1987

Mvua ya kwanza imetukuta kanisani. Watu wote waligeuza shingo kuelekea madirishani, mchungaji akaona hana wasikilizaji tena, akafupisha mahubiri. Nilifurahi kuliko wote, maana lile benchi lilikuwa linanichoma kama jiko. Nimefika nyumbani, damu tena. Mwezi wa sita ilikuwa michirizi tu. Sasa ni mabonge, na ute juu yake.

Naanza kuandika kwa sababu kila nikienda zahanati naulizwa, "Ilianza lini? Inakuja vipi?" nami kwa aibu najibu nusunusu. Mimi Zipora, mwalimu mzima wa darasa la nne, nashindwa kusema neno "kinyesi" mbele ya mtu mzima mwenzangu. Hapa nitalisema.

Jumanne, 10 Novemba

Zahanati. Vidonge vya amiba, mara ya tatu. Mganga aliniangalia ulimi, akaniangalia macho. Ugonjwa haupo huko.

Alhamisi, 19 Novemba

Mahindi yameota vizuri. Mimi sijambo leo.

Jumamosi, 28 Novemba

Wifi Mageni amehamia kwangu. Ni dada mkubwa wa mume wangu Maganga, mjane, sauti yake inasikika hadi kisimani. Maganga ndiye aliyemtuma aje kunisaidia kulima, kwa vile yeye yuko machimboni huko ng'ambo ya Runzewe, anachimba dhahabu ambayo hatujaiona bado. Nilidhani nimeletewa msaidizi. Nimeletewa mpelelezi.

"Mama Nyamizi, leo umekwenda chooni mara ngapi?" ananiuliza mbele ya binti yangu Nyamizi na mbele ya jirani.

"Wifi, hayo si ya kuuliza uani."

"Basi nikuulizie wapi? Wewe unakonda, mimi nakuona."

Jioni amechemsha mizizi, harufu imejaa nyumba nzima. Nimeinywa ili anyamaze. Hakunyamaza.

Ijumaa, 4 Desemba

Shule zimefungwa. Nimekwenda kituo cha afya, nimekaa foleni tangu asubuhi, tena nimekaa upande mmoja wa tako kama kuku mwenye yai. Bawasiri, nimeambiwa. Nimepewa dawa ya kupaka. Sikuvua hata nguo. Namna gani mtu anaona bawasiri kupitia gauni?

Jumatatu, 7 Desemba

Mvua. Damu.

Alhamisi, 17 Desemba

Mageni ndiye aliyenilazimisha. Alisimama mlangoni tangu alfajiri, kanga yake imefungwa kiunoni, akasema lori la pamba linakwenda Isaka na sisi tunapanda. Kutoka Isaka tulichukuliwa na gari la misheni hadi hospitali yao, njia ya Kahama. Huko kila mwezi huja daktari wa upasuaji kutoka Mwanza. Anaitwa Daktari Eustace, mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa maneno.

Aliniuliza maswali machache, kisha akasema, "Mama, lazima nikupime kwa kidole. Hakuna njia nyingine."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilipokuwa nimelala pale ubavuni, magoti kifuani, wazo lililonijia halikuwa la aibu. Nilikuwa nawaza: tangu mwezi wa sita, huyu ni mtu wa kwanza kuangalia mahali panapouma.

Alipapasa taratibu, kila upande. Akapima na njia ya mbele pia. Akakata kinyama kidogo, akakitia kwenye chupa. "Hiki kinakwenda Mwanza kuangaliwa kwa darubini. Rudi mwezi ujao."

"Ni bawasiri?"

"Si bawasiri."

"Ni nini basi?"

"Sitaki kukwambia jambo ambalo bado sina hakika nalo."

Nimerudi nimekasirika. Uso wake ulikuwa na hakika tele.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Maganga hajaja. Amemtumia Nyamizi gauni kwa mkono wa dereva. Halimtoshi.

Jumamosi, 9 Januari 1988

Barabara ya Isaka imekatika, magari hayapiti. Mageni anapalilia peke yake. Nilijaribu kwenda na jembe, nikaishia kuchuchumaa kwenye mstari wa karanga nikilia kwa maumivu. Hakusema kitu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alinibeba mgongoni, mimi mke wa mdogo wake, akanirudisha nyumbani.

Jumamosi, 16 Januari

Hospitali ya misheni. Leo naandika kirefu, kwa sababu nikiyaacha kichwani yatanichanganya.

Ni kansa. Daktari Eustace amelitamka bila kuzungukazunguka, na nashukuru. Iko kwenye puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu na mlango wa haja. Lakini haikukaa hapo. Imepenya ukuta, imeshikana na mfuko wa uzazi na ukuta wa nyuma wa uke. Kibofu cha mkojo hakijaguswa, ini halina kitu kwa jinsi alivyoweza kulipapasa.

Alichukua kalamu, akanichorea nyuma ya bahasha.

"Nikitoa puru peke yake," akasema, "itabidi niubandue uvimbe kutoka kwenye kizazi. Nikiubandua nitaupasua, na mbegu zake zitamwagika humo ndani. Utapona kidonda, halafu utarudi hapa ukiwa mbaya zaidi. Kwa hiyo nisiubandue. Nitoe puru, kizazi na kipande cha uke, vyote kwa pamoja, vikiwa vimeshikana hivyo hivyo."

"Na haja nitaipitishia wapi?"

Akanigusa tumboni, kushoto, chini ya kitovu. "Hapa. Nitautoa utumbo nje, uwe na mdomo wake. Mlango wa chini nitaushona, hautakuwepo tena."

"Kwa muda gani?"

"Maisha yako yote."

Mageni alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Nilimtazama nikitegemea aanze habari za mizizi yake. Aliuliza, "Daktari, akikatwa hivyo, atapona?"

"Wengine wanapona. Wengine hapana. Asipokatwa, najua."

Nina miaka thelathini na minne. Nina mtoto mmoja. Nilikubali kabla hajamaliza kufunika kalamu yake. Hapo ndipo Matroni Bhoke, mkuu wa wauguzi, alipoleta karatasi na kusema kwamba kwa kanuni ya hospitali yao, mwanamke mwenye mume haondolewi kizazi mpaka mume asaini.

"Mume wangu yuko shimoni huko ng'ambo ya Runzewe."

"Basi aitwe, mama."

"Uvimbe uko kwangu, matroni. Nilidhani mwenye uvimbe ndiye mwenye kusaini."

"Mimi sikuitunga hiyo kanuni."

Hakuna aliyeitunga. Kila ninayemuuliza, hakuitunga yeye. Daktari amerudi Mwanza, nami nimelazwa hapa nimsubiri mume.

Jumapili, 17 Januari

Mageni ameondoka alfajiri juu ya lori la mbao kwenda kumtafuta mdogo wake. Hajawahi kufika huko. Amechukua fimbo.

Ijumaa, 22 Januari

Mvua mchana kutwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anasema wachimbaji wakianza kuona rangi ya dhahabu hawatoki shimoni hata kwa msiba. Sikumwomba maoni yake.

Jumamosi, 30 Januari

Wamekuja. Maganga ana tope hadi mapajani, macho mekundu kwa vumbi la mawe. Mageni anachechemea, alitembea kutwa kutoka lori lilipokwama, akamkuta Maganga chini ya lile shimo lao wanaloliita duara, akakaa kwenye mdomo wa shimo na kuwazuia wote wasishushe kamba mpaka apande. Nimecheka, ikaniuma.

Nilidhani yamekwisha. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi nikiwa nimekaa kiubavu. Nilimweleza yote, kwa mchoro ule ule wa bahasha. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mama Nyamizi, siwezi kusaini."

"Kwa sababu ya watoto?"

"Watoto nao ni jambo. Nyamizi yuko peke yake. Lakini si hilo."

"Ni lipi?"

Alichukua muda mrefu kukwangua tope kwenye kidole. "Mama yetu aliingia chumba kama hicho. Baba ndiye aliyeweka dole gumba. Akatolewa amefunikwa shuka. Tangu siku ile baba aliishi akijiita muuaji, mpaka tunamzika. Nikisaini ukafa, nimekuua mimi."

"Na usiposaini nikafa?"

"Hapo Mungu amekuchukua."

Nilimwambia maneno ambayo hata humu siyaandiki. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na anataka nife kwa namna ambayo haitamsumbua usingizi! Aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningetaka abishe.

Jumatatu, 1 Februari

Hajaondoka. Analala kwenye banda la jamaa wa wagonjwa. Ananipikia uji, anauleta. Mageni hamsemeshi ila kumfokea. Jana nilimsikia huko nyuma akimfokea kwa Kisukuma: kwamba yeye pia alizaliwa na mama yule yule, na alilia kuliko yeye, na hata hivyo anajua tofauti ya kisu na ugonjwa.

Ijumaa, 5 Februari

Maumivu. Vidonge vimekwisha dukani kwao. Vitakuja.

Alhamisi, 11 Februari

Daktari Eustace amefika na gari limejaa maboksi ya glavu na nyuzi za kushonea. Alikuja moja kwa moja kitandani.

"Saini iko wapi?"

"Haipo," akajibu Matroni Bhoke.

Nilikaa. Sijui nguvu niliipata wapi, maana siku hizi sikai. Nikasema, "Daktari, mimi ni mtu mzima, naandika na kusoma, nimefundisha watoto mia kadhaa kusaini majina yao. Nipe karatasi."

"Mama Zipora," matroni akasema, "kanuni inasema mwenye mume…"

"Basi andika sina mume."

Maganga alikuwa amesimama pale pale mlangoni na bakuli la uji. Daktari akamwona. Matroni naye akamwona. Anamjua, kila siku anampa kuni.

"Wewe bwana," daktari akamuuliza, "wewe ni nani kwa huyu mama?"

Alimtazama daktari, akanitazama mimi. Aliweka uji chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuumwaga.

"Mimi nimekuja kutoa damu," akasema.

Daktari akasema, "Vizuri. Damu tunaihitaji sana." Matroni Bhoke alinyoosha shuka langu ambalo halikuwa limekunjamana, akanipa kalamu, akaangalia dirishani. Nikasaini.

Amenikana mbele ya wodi nzima ili nitibiwe. Nimshukuru au nimpige, sijui. Nimekunywa uji wake. Haukuwa na sukari.

Ijumaa, 12 Februari

Imeahirishwa. Jenereta haina dizeli. Nilikuwa nimeshasafishwa tumbo kwa maji ya chumvi tangu jana, sina hata punje ndani, ndipo wananiambia nile.

Jumanne, 16 Februari

Dizeli imepatikana, lakini daktari aliitwa Mwanza na mto umefurika nyuma yake. Nimeacha kuuliza.

Jumatano, 24 Februari

Amerudi. Tumbo limesafishwa tena. Damu zipo chupa nne: ya Maganga, ya Mageni, ya mchungaji wetu na ya dereva wa misheni. Kesho. Nimemtuma Maganga arudi Didia akae na Nyamizi, ambaye yuko kwa jirani. Amekataa. Nimechoka kukataliwa na mtu huyu, lakini hili nimemwachia.

Ijumaa, 4 Machi

Kalamu ni nzito.

Wanasema ilichukua tangu asubuhi hadi jua kuelekea kuzama. Nakumbuka taa, nakumbuka sauti ya daktari akiomba shuka lingine, halafu nakumbuka kiu. Kiu ambayo sikuwahi kujua ipo. Nilimwomba Mageni maji, akanilowesha midomo kwa pamba, nikamtukana, akanilowesha tena.

Daktari alikuja. "Vimetoka kwa pamoja, kama nilivyotaka. Sikuupasua." Alisema kama fundi aliyeutoa mlango na fremu yake bila kuvunja ukuta. Nilikuwa nimelala na mipira kila mahali, nikaona anatabasamu, nikachukia, halafu nikalia.

Jumatano, 9 Machi

Leo nimeuona ule mdomo wa utumbo wenyewe. Mwekundu, umelowa, umechomoza kama kifundo. Ulijisukuma ukatoa upepo, kisha uchafu, bila kuniomba ruhusa. Mgonjwa wa jirani alifunga pua kwa kanga.

Mifuko maalumu ya kuvalia hakuna. Daktari anasema zipo nchi ambazo kila mgonjwa hupewa. Kwa nini aniambie?

Jumapili, 20 Machi

Ngozi kuzunguka mdomo imeungua, nyekundu kama imemwagiwa maji ya moto. Kidonda cha nyuma hakijafunga. Kutwa mara mbili nakalishwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Kukaa kwingine siwezi. Kulala chali siwezi. Mageni amechana kanga zake mbili kuukuu, anafua vile vitambaa, anavianika nyuma ya wodi, anavikunja juu ya kipande cha nailoni na kunifunga kwa mkanda. Alipoona ngozi ilivyo, alikwenda kwa Matroni Bhoke na hakutoka mpaka akapewa kopo la marhamu nyeupe. Sauti ile ile niliyoichukia.

"Wifi," nilimshukuru kwa Kisukuma, "wabeja."

"Nyamaza, nifunge vizuri."

Maganga huondoka kila shughuli hii inapoanza. Husema anakwenda kutafuta kuni. Sijapata kuona hospitali yenye kuni nyingi namna hii.

Jumamosi, 2 Aprili

Majibu ya Mwanza yamekuja. Daktari Eustace alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kingo za nyama aliyoitoa ni safi, hakuna ugonjwa pale alipokata. Lakini tezi mbili zilizokuwa karibu zilikuwa nao.

"Kwa hiyo nimepona?"

"Sijui."

"Daktari, nimekatwa nusu ya mwili!"

"Najua, mimi ndiye niliyekata. Nimetoa chote ninachokiona. Nisichokiona siwezi kukiapia. Kuna tiba ya mionzi Dar es Salaam, ukipata nguvu nitakuandikia uende. Na kila baada ya miezi mitatu uje nikupime."

Nilimgeuzia mgongo. Baadaye, alipokuwa ameshaondoka, nikakumbuka kwamba katika msimu huu wote kila mtu alikuwa na hakika na mwili wangu: amiba, bawasiri, mizizi. Huyu anasema hajui. Bado nimekasirika, lakini si naye.

Jumamosi, 9 Aprili

Nyumbani. Nyamizi alisimama mbali, akanusa, akauliza, "Mama, ni wewe unayenuka?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwonyesha kila kitu. Akakitazama sana, akasema kinafanana na mdomo wa samaki, akaja kukaa karibu.

Mahindi yamebeba. Mageni anayatembelea kama mifugo.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimekwenda shuleni kusalimia. Mwalimu Mkuu Hatibu alinikaribisha kiti. Nikasimama. Akakaribisha tena. Nikamwambia, "Mwalimu, mpaka kidonda kifunge mimi ni mtu wa kusimama." Tumbo likanguruma kwa sauti katikati ya ofisi. Alijifanya anatafuta chaki. Darasa la nne walikuwa madirishani, wakashangilia mpaka nikasikia uchungu wa namna nyingine. Mwezi wa tano nitaanza na vipindi viwili.

Jumatano, 27 Aprili

Mageni ameitwa kwao, mtoto wake amejifungua. Ameondoka analia kwa sauti, njia nzima imejua. Kabla ya kupanda lori alimshika mdogo wake shingo. "Vitambaa viko kwenye kapu. Usiende kutafuta kuni."

Jumamosi, 30 Aprili

Ilikuwa asubuhi, Nyamizi, anayenifunga tangu Mageni aondoke, amekwenda kisimani. Mkono wangu wa kushoto una uvimbe wa sindano za dripu, haujapata nguvu, na mkanda haufungwi kwa mkono mmoja. Kitambaa kilikuwa kimelowa tangu nilipoamka. Nilijaribu, nikashindwa, nikajaribu. Nikarusha mkanda ukutani.

Maganga alikuwa mlangoni. Nikajua anakwenda kutafuta kuni.

Akaingia, akaokota mkanda. Alileta maji ya uvuguvugu, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akafungua kitambaa. Mikono yake ni ya mchimbaji, imepasuka kila mahali. Ule mdomo ulichagua wakati huo huo kutoa kilichokuwa ndani, juu ya vidole vyake.

Alisimama akatoka nje. Nikamsikia akitapika karibu na banda la kuku. Nililala pale nimefunuliwa, nikitazama bati, nikasema moyoni: basi, sasa nimejua.

Nikasikia maji yakimwagwa. Nikasikia sabuni. Akarudi, uso umelowa, akapiga magoti tena.

"Unauma nikiugusa?"

"Wenyewe hauna maumivu. Ngozi ndiyo inauma."

"Pole."

Alisafisha kuanzia nje kwenda ndani, akapaka marhamu, akakunja kitambaa, akaweka nailoni, akafunga mkanda. Alifunga ovyo, umelegea upande mmoja, ungevuja kabla sijafika uani. Nikaufungua, nikamwambia aanze upya.

Akaanza upya.